Uchambuzi wa kisa: Marianne Brandt, karakana ya vyuma ya Bauhaus, na namna dizaina anavyojifunza menejimenti

Kuna jambo tunalizungusha kila mwaka kwenye vyuo vya dizaini. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anachora vizuri, programu zote anazijua, ukimpa brifu, yaani maelezo ya kazi, anakuletea kitu cha kukutoa udenda, alafu ukimuuliza hiki kitagharimu shilingi ngapi tukitengeneza pisi elfu moja anabaki anakutolea macho. Suluhisho letu huwa lile lile, tunaomba mwalimu kutoka idara ya biashara aje afundishe ujasiriamali semista moja, anakuja na slaidi zile zile alizofundishia watu wa uhasibu na watu wa kilimo, mtihani unafanyika, watu wanapata B zao, na mwaka unaofuata yule aliyepata B yuko mtaani anatengeneza nembo kwa elfu hamsini na marekebisho yasiyoisha, na hajui hata amwambieje mteja kwamba sasa basi.

Mi darasani nimeacha slaidi, naanza na kisa kimoja cha zamani, cha Ujerumani kati ya 1924 na 1929. Nataka nikichambue hapa chote maana nikikisema nusunusu watu wanadhani nasifia Bauhaus. Sisifii. Kuna sehemu walichemka vibaya na hizo ndo zenye faida zaidi kwetu.

Mazingira kwanza. Bauhaus ni chuo cha sanaa na dizaini kilichoanzishwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, mkuu wake Walter Gropius, na mfumo wake ulikuwa wa karakana: ya mbao, ya vyuma, ya ufumaji na kadhalika. Kila karakana ilikuwa na mabosi wawili, mmoja msanii anayefundisha umbo, mwingine fundi anayefundisha mikono. Uzuri wa mfumo huo umeandikwa sana, ila mi huwa nawaambia wanafunzi wangu angalieni nani hayupo. Hayupo mtu wa tatu anayeuliza hii bei gani, nani ananunua, itafika lini. Mtu wa mambo ya biashara alikuwepo kwa chuo kizima, ofisini huko, lakini ndani ya karakana, pale mwanafunzi anaposhika nyundo, hakuna aliyeleta hilo swali. Yaani ni kama sisi tu, biashara iko jengo lingine.

Shida ikaja kwa njia ya hela, kama kawaida. Chuo kilikuwa cha serikali ya jimbo la Thuringia, na serikali ikataka kuona matunda, ndo yakaja maonyesho makubwa ya 1923. Mwaka uliofuata upepo wa kisiasa ukageuka, upande wa kulia ukashika jimbo na bajeti ya chuo ikakatwa nusu. Ghafla karakana zinatakiwa ziuze. Wakapeleka bidhaa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig 1924, na Wilhelm Wagenfeld, aliyekuwa mwanafunzi pale, yule wa taa ya kioo maarufu, alikuja kusimulia baadaye kilichotokea: wafanyabiashara na wenye viwanda waliwacheka. Vitu vilionekana kama vya mashine, vya bei rahisi, kumbe vimegongwa kwa mkono kimoja kimoja na bei yake iko juu. Umbo linasema kiwanda, bei inasema sonara.

Nakaa sana hapo darasani, kwa sababu hilo kosa halikuwa la mauzo, wala la tangazo. Lilikuwa kosa la dizaini lililofanyika miezi mingi kabla, siku mtu alipochagua namna ya kutengeneza bila kujua zitatakiwa ngapi. Huwezi kulirekebisha na somo la masoko.

Sasa anaingia mhusika wetu. Marianne Brandt, mzaliwa wa Chemnitz, 1893, alishasomea uchoraji na uchongaji kabla, akaingia Bauhaus mwanzoni mwa 1924 akiwa na miaka 30. Sio mtoto. Michoro yake ya zamani aliichoma moto. Akaingia karakana ya vyuma, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya László Moholy-Nagy, na wanaume wa mle hawakumtaka, waliona karakana ya vyuma si mahali pa mwanamke. Hawakumwambia usoni, walimpa kazi za kuchosha. Yeye mwenyewe aliandika uzeeni kwamba aligonga vinusu-duara vidogo vingi, kama nusu ya mpira, kwa nyundo, vya aloi ngumu inayofanana na fedha na inayopasuka kirahisi, akidhani ndivyo kila anayeanza anavyoanza. Baadaye wakaja kukiri kwamba walifanya makusudi.

Cha ajabu ni kwamba hicho kinusu-duara ndo kikawa buli lake. Mwaka huo huo wa 1924 akatengeneza kile kibuli cha chai ambacho leo kipo kwenye kila kitabu cha historia ya dizaini, kidogo kabisa, kimo kama sentimita 7, mwili wake nusu-duara, chini kimekalia bamba mbili zilizopishana msalaba, kifuniko cha mviringo kimesogezwa pembeni badala ya kukaa katikati, ndani kuna chujio, na mpini ni nusu-duara wa mti mweusi. Kilikuwa cha kukolezea chai nzito unayoizimua na maji ya moto kikombeni. Kila kitu kimefikiriwa. Na kila kimoja kiligongwa kwa mkono, ndo maana vile vichache vilivyobaki ukivipima havilingani. Kimoja kiliuzwa mnada New York mwaka 2007 kwa zaidi ya dola laki tatu na nusu, kwahiyo kama kipimo chako ni mnada, kibuli kimefaulu. Kama kipimo ni kile chuo chenyewe kilichojiwekea, yaani vitu vizuri kwa watu wa kawaida, kibuli kimefeli, na kimefeli kwa sababu ile ile waliyochekewa Leipzig.

Hapa huwa nawatoa watu darasani. Nawapa picha ya kile kibuli na picha ya taa tutakayoifikia chini, nawaambia nendeni Gerezani, hapa Dar, mkaulize bei. Wanakwenda kwa mafundi wa mabati na vyuma, wanaonyesha simu, na fundi kabla hajaangalia hata picha vizuri anauliza "pisi ngapi?" Wanafunzi wengi hawana jibu, hawakujua kama hilo ni swali la kwanza. Wakisema moja, fundi anataja bei ya kufukuzia. Wakisema mia, anakaa chini, anaanza kufikiria, anasema hapa tungepata kalibu ya kukandamizia, huu mshono tungeutoa, huu mpini wa nini mpaka uwe hivi. Yaani fundi ambaye hajasoma dizaini hata siku moja anaanza kuidizaini upya mbele ya macho yao, kwa sababu ya idadi. Wakirudi darasani hawahitaji tena mi niwaambie kwamba idadi ni sehemu ya umbo.

Turudi. 1925 chuo kikahamia Dessau, na wakafungua kampuni kabisa, ya dhima yenye kikomo, ya kuuza kazi za karakana. Ikachapwa katalogi ya bidhaa, Herbert Bayer ndo alidizaini. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Ila kampuni haikufanya vizuri, na mi sishangai, maana kufungua kampuni pembeni ya karakana ambayo haijabadilika ndani ni kama kuweka kaunta mbele ya jiko ambalo bado linapika sahani moja kwa siku.

Kilichobadilisha mambo ndani kilikuwa kitu kingine, nacho hakiandikwi sana kama somo la menejimenti. Jengo jipya la chuo lilihitaji taa. Karakana ya vyuma ndo ikapewa kazi, na jengo lilikuwa na tarehe ya kufunguliwa, 4 Desemba 1926, wageni wamealikwa, tarehe haisogei. Sasa mwanafunzi ambaye jana alikuwa anagonga kibuli kimoja wiki nzima leo anatakiwa atoe taa za jengo zima, zinazofanana, zinazofungwa na fundi umeme ambaye si yeye, kwenye dari aliyoichora mtu mwingine. Brandt ni mmoja wa waliobeba kazi hiyo. Kipindi hicho hicho yeye na mwenzake wa karakana Hans Przyrembel walitoa ile taa ya kuning'inia inayoshuka na kupanda kwa puli, umeivuta ikufikie mezani, umeisukuma ikarudi juu.

Mteja alikuwa ni chuo chenyewe. Hapo ndo pana busara, kwa bahati au kwa makusudi. Mteja wa kwanza hakuwa bosi mkali wa nje, alikuwa wa nyumbani, anayevumilia, ila kazi yenyewe ilikuwa ya kweli na tarehe ya kweli. Kwa wale wenzangu tunaopenda kumrusha mwanafunzi wa mwaka wa pili kwa mteja wa nje eti "ajifunze maisha", hapa patusimamishe kidogo. Chuo kina mabango, kina viti vibovu, kina kitabu cha mahafali, kina jiko la kantini lenye foleni isiyoeleweka. Kuna wateja humu humu ndani tunawapita tukienda kutafuta wateja nje.

Kabla ya 1928 nataka niingize kisa kidogo cha pembeni, maana bila hicho mkataba unaofuata huuelewi vizuri. Marcel Breuer, naye zao la chuo na wakati huo bosi wa karakana ya mbao, alikuwa ametoka na kiti cha bomba la chuma, kile kinachosifiwa mpaka kesho. Alikifanyia kazi pembeni, kwa juhudi zake, na haki akazishika mwenyewe, akaanzisha kampuni na mwenzake nje ya chuo kuviuza viti hivyo. Chuo kilichokuwa kinatafuta hela kwa tochi kikaona bidhaa yake yenye uwezekano mkubwa wa soko inatoka mlangoni. Ugomvi ukawepo, Gropius hakufurahi, na ukiniuliza nani alikuwa na haki mi nitakwambia hakuna aliyekuwa na karatasi ya kutosha. Hakukuwa na makubaliano yaliyo wazi kwamba kinachobuniwa na mtu wa chuo, kwa muda wake, nje ya karakana yake, ni cha nani. Leo hii nenda chuo chochote cha kwetu uliza mradi wa mwisho wa mwanafunzi ni mali ya nani, uone watu watakavyoangaliana. Jirani zetu Kenya sheria yao ya hakimiliki ya 2001 inachukulia kwamba kazi ya kuagizwa haki zake zimehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine, kwahiyo mwanafunzi wa Nairobi anayechora kwa maneno ya mdomo tu ameshatoa zaidi ya anavyodhani. Hilo si la wiki ya 14 ya somo la ujasiriamali, ni la siku ya kwanza studio.

Haya, 1928. Gropius anaondoka, na Moholy-Nagy, Breuer na Bayer nao wanaondoka. Hannes Meyer, mbunifu majengo wa Uswisi, anakuwa mkuu mpya kuanzia Aprili. Karakana ya vyuma inabaki bila bosi na anayekabidhiwa ni Marianne Brandt, ambaye tayari alikuwa msaidizi tangu 1927. Anakabidhiwa kukaimu. Sisi watu wa huku neno kaimu tunalijua lilivyo, kazi zote za mkuu, lawama zote za mkuu, cheo hakipo. Na diploma yake ya Bauhaus alikuja kuipata 1929, maana yake alikuwa anaendesha karakana na kukaa meza moja na viwanda kabla chuo hakijampa cheti.

Viwanda vyenyewe kwenye taa vilikuwa viwili hasa, Schwintzer & Gräff ya Berlin na Körting & Mathiesen ya Leipzig, hii ya pili ndo waliokuwa wanauza taa kwa jina la Kandem. Mfumo ukawa tofauti kabisa na ile kampuni ya 1925. Karakana haiuzi tena taa. Karakana inatengeneza sampuli, kiwanda kinazalisha na kuuza, chuo kinalipwa kwa leseni, yaani kwa kuruhusu dizaini zake zitumike. Ona hatari imehama kutoka wapi kwenda wapi: malighafi, mashine, stoo, maduka, vyote kwa mwenye kiwanda. Chuo kimebaki na kile inachokijua. Ukimuuliza mwanafunzi wa dizaini "mpango wa biashara ni nini" atakuchorea ile chati ya biashara yenye maboksi tisa aliyoiona yutyubu, ila ukimwonyesha hizi hatua mbili, 1925 na 1928, akaeleza mwenyewe kwanini ya kwanza iligoma na ya pili ikaenda, ameelewa zaidi ya maboksi.

Na walikwenda kiwandani. Hili Brandt alilisisitiza alipokumbuka mambo hayo, kwamba ni kwa kutembelea viwanda na kuuliza watu papo hapo ndo taratibu wakafika kwenye kazi ya dizaini ya viwandani, na kwamba Moholy aliwasukuma kwa ubishi kabisa, na kwamba watu wa Kandem waliwasaidia mno kuelewa sheria za mwanga na njia za uzalishaji, jambo lililowafaidisha wao na kiwanda pia. Sheria za mwanga! Yaani mtu wa kiwanda anamfundisha dizaina mwanga unavyosambaa, na dizaina anamfundisha mtu wa kiwanda umbo litulie vipi. Ilikuwa njia ya pande mbili na ndo maana haikuwa unyonyaji wa waziwazi wala haikuwa hisani.

Taa ndogo ya kitandani ya 1928, aliyoifanya na Hin Bredendieck, mwenzake wa karakana, inaonyesha kila kitu. Kitako kizito kinachokaa, mkono mmoja, kofia inayogeuka uelekeze mwanga unapotaka, na swichi ni kitufe cha kubonyeza kwenye kitako, kwa mtu mwenye usingizi anayepapasa gizani. Hakuna mpini wa mti mweusi, hakuna msalaba wa bamba. Ni bati limekandamizwa na kupakwa rangi. Mtu anayependa kibuli anaweza kuiona taa hii ni kushuka daraja, na wanafunzi wangu wa mwanzo wa muhula karibu wote wanasema hivyo, kibuli ni sanaa, taa ni taa. Taa ikatoka kwa maelfu, ikaingia kwenye nyumba za watu, ikaigwa mpaka leo hujui kama ina aliyeibuni. Na mkono ni ule ule uliogonga kibuli miaka minne nyuma, kilichobadilika ni maswali aliyojifunza kuuliza.

Upande wa Meyer kuna la kusema, maana alichofanya kwa chuo kizima ndo kilichoipa karakana hiyo nafasi. Aliongeza muda wa kazi halisi, akachanganya wanafunzi wa miaka tofauti kwenye timu moja, wa mwaka wa kwanza na wa mwisho pamoja kwenye mradi mmoja, kwa mfano shule ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi kule Bernau iliyojengwa kati ya 1928 na 1930, ambako Anni Albers, mfumaji wa Bauhaus, alifuma kitambaa cha ukuta cha ukumbi kinachomeza sauti upande mmoja na kurudisha mwanga upande wa pili. Wakaingia mkataba wa karatasi za ukutani na kiwanda cha Rasch mwaka 1929, michoro ikitoka kwenye shindano la wanafunzi, na hiyo karatasi ya ukuta, kitu ambacho wengi wa wasanii wa chuo wangekidharau, ndo ikawa bidhaa iliyoingiza hela kuliko zote. Meyer alipofukuzwa Agosti 1930 kwa sababu za kisiasa, aliandika barua ya wazi akijitetea, na kwa hesabu yake mwenyewe uzalishaji ulikuwa umekaribia mara mbili na mwaka wa mwisho wanafunzi walilipwa mishahara ya maki 32,000, hela ya Ujerumani ya wakati huo. Wanafunzi walilipwa. Rudia hiyo sentensi mbele ya kamati yoyote ya mafunzo kwa vitendo hapa kwetu, ambapo mwanafunzi anakwenda fildi wiki nane anatumwa kununua vocha.

Sasa walikochemka.

La kwanza ni hilo la kaimu. Brandt alipewa jukumu bila mamlaka, katikati ya chuo ambacho walimu aliowazoea wameondoka na mkuu mpya ana mawazo yake. Karakana ilikuwa ni shule, na ilikuwa pia ofisi ya dizaini ya viwanda viwili, kwa wakati mmoja, na yeye ndo kiungo. Mwaka 1929 karakana za vyuma, mbao na uchoraji wa kuta zikaunganishwa kuwa idara moja chini ya Alfred Arndt, na Brandt akaondoka mwaka huo. Mi naona hiki ni kisa cha kawaida mno: mtu anajifunza kuongoza kwa kutupwa majini, anaogelea, halafu mfumo unapangwa upya bila nafasi yake kuwemo. Kama ni kufundisha menejimenti, basi chuo kilimfundisha kila kitu isipokuwa kudai cheo, na hicho hakifundishwi na mtu ambaye faida yake ni wewe usikidai.

La pili ni jina. Kwenye kitako cha taa limegongwa Kandem. Mnunuzi hakujua Brandt ni nani. Kuna watakaosema hiyo ndo dizaini ya viwandani, jina halina maana, na Meyer angekubaliana nao, yeye alipenda kazi ya pamoja isiyo na nyota. Sawa, lakini mtu akitoka hapo kwenda kuomba kazi anaonyesha nini? Mi kwenye mikataba ya wanafunzi wangu nimelazimisha mstari mmoja tu kuhusu hilo, kwamba mwanafunzi ana haki ya kuionyesha kazi na kusema ameifanya, hata kama haki nyingine zote zimekwenda kwa mteja. Wateja wengi hawakatai. Hawakuwahi kuombwa tu.

La tatu sina uhakika kama ni kosa au ni gharama: kazi ya kiwanda inakula muda wa kujaribu mambo. Ndani ya Bauhaus yenyewe walikuwepo waliolalamika kwamba chuo kinageuka kuwa kiwanda. Nalielewa hilo lalamiko, ila nimegundua kwetu linatolewa zaidi na watu ambao hata huko kujaribu mambo hawajafika.

Baada ya Dessau Brandt alifanya kazi kidogo ofisi ya Gropius Berlin, kisha akaenda Gotha kwenye kiwanda cha vyuma cha Ruppelwerk, akaongoza idara ya dizaini mpaka 1932. Humo alikuwa anasafisha bidhaa zilizokuwepo, vishikio vya leso za mezani, vizuizi vya vitabu, seti za wino, mabati ya rangi, vitu vidogo vya bei ndogo. Kazi ya mtu anayejua gharama. Mdororo wa uchumi ukaja, kazi ikaisha, na mwaka 1933 akarudi kwao Chemnitz. Bredendieck yeye akaishia Marekani, na 1952 akaenda kuongoza programu ya dizaini ya viwandani Georgia Tech, Atlanta. Kwahiyo kama unatafuta mahali ambapo uzoefu wa kubishana na mhandisi wa kiwanda uliingia moja kwa moja kwenye ufundishaji wa chuo kikuu, huyo hapo mmoja.

Kitu kimoja cha haraka. Watu wakisikia dizaini na menejimenti wanakumbuka zaidi ile njia ya kinyume, ya kuwafundisha mameneja dizaini, kama Peter Gorb alivyoanza kufanya London Business School miaka ya 1970. Ni kazi nzuri, lakini ni darasa lingine. Meneja anahitaji ajue dizaini inaweza kumfanyia nini. Dizaina anahitaji ajue maamuzi yake mwenyewe yanagharimu nini, nani anayabeba na nani atayasaini. Ukichukua silabasi ya kwanza ukaigeuza ukampa wa pili, unarudi kule kule kwenye slaidi.

Pingamizi ninalolipata kila nikikisimulia kisa hiki ni kwamba Ujerumani walikuwa na viwanda, sisi hatuna. Jamani. Wachapaji wapo wangapi Kariakoo, mafundi viti Keko wapo wangapi, washonaji wa sare, watu wa mabango, watengeneza vifungashio vya karanga na asali? Hao wote wanauza vitu vilivyodizainiwa na mtu, mara nyingi na mtoto wa steshenari. Mwenye mashine ya kuchapa anaweza kumfundisha mwanafunzi wako mambo ya rangi, karatasi inayopotea kwenye ukataji, na kwanini sanduku likipungua sentimita moja linatoka mengi zaidi kwenye shiti moja, ndani ya asubuhi moja. Kandem walikuwa na maabara ya mwanga, huyu ana kikatio na hasira za wateja, vyote vinafundisha.

Pingamizi ambalo sijalimaliza linatoka ndani, ni la maksi. Tunafanya miradi kwa timu, kila timu ina mwanafunzi mmoja anayeshika faili: barua na mteja, makadirio ya gharama, muhtasari wa vikao, nani anafanya nini mpaka lini, malipo ya awali yameingia au bado. Huyo ndo anayejifunza zaidi, na huyo ndo anayechora kidogo kuliko wenzake kwa sababu nusu ya muda yuko kwenye simu. Mwisho wa mwaka mtahini wa nje anakuja anaangalia kuta, anaona michoro ya wenzake, anampa huyu maksi za chini. Kaimu yule yule. Sasa hivi namwambia abandike faili lenyewe ukutani, makadirio ya kwanza yaliyokosewa na ya tatu yaliyokaa sawa, ujumbe wa mteja akitaka marekebisho na jibu alilopewa, mkataba wenye kalamu nyekundu. Watahini wengine wanasimama wanasoma lote mpaka chai inapoa. Wengine wanapita wanauliza mchoro uko wapi, na hao bado natakiwa niwasainie fomu zao za malipo.